Boti ya Kasi na Mtumbwi wa Mvuvi

Msikilizaji wangu wa Jorodom na Katesh, ukifika Ziwa Babati utaona mitumbwi ya wavuvi, ubavu umeinuka juu ya maji kama shubiri tu, kopo la kufulia maji liko miguuni. Viboko nao wako jirani. Sasa fikiria boti ya injini ikipita hapo mbio.

Uingereza walibishana miaka mingi juu ya kasi ya boti katika Ziwa Windermere. Wenye boti walitetea ajira zao, wengine utulivu na usalama. Machi 2005 kikomo cha mwendo kikaanza kutumika: maili 10 za baharini kwa saa, yaani kilomita 18 na ushei.

Wapenda kasi wana hoja moja ya kweli: wimbi kubwa hutoka boti inapoinua pua, kabla haijaanza kuteleza juu ya maji, si inapokwenda kasi kabisa. Lakini boti haina breki, na mwogeleaji huonekana kichwa tu. Mimi nasimama na mvuvi. Boti za injini za utalii zikija Babati, halmashauri iwaketishe wavuvi na wenye boti pamoja kabla ya ajali ya kwanza. Nawe nahodha, ukiona mtumbwi mbele, punguza mwendo ungali mbali.