Kaimati na Hesabu ya Shira

Msikilizaji, kila Ramadhani ikikaribia hakosi mtu wa kututangazia kwamba kaimati ni sumu. Mimi simo. Ila na wewe unayejivutia sinia zima peke yako, leo tuna mazungumzo.

Donge lenyewe halina la kutisha: unga wa ngano, hamira, maji vuguvugu, iliki, pengine tui au mtindi kidogo. Gramu 100 za unga huo zina protini kama gramu 10, na kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda wauongezee madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Lingeingia tanurini, tungeliita mkate na kesi ikaisha.

Kesi inaanzia kwenye karai. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9; ya sukari ina 4. Mafuta yasipopata moto sawasawa, ganda huchelewa kukauka na kaimati huyanywa. Ukiibonyeza, vidole vinang'aa. Na yale yaliyokaangia samaki juzi, yakawa meusi na kutoa povu, yamwage. Najua bei yake.

Lakini hasa hasa ni shira. Tupige hesabu. Kikombe cha sukari ni kama gramu 200. Kikigawanyika chote kwa kaimati 40, kila moja imebeba gramu 5. Shirika la Afya Duniani linataka sukari za namna hii zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima wa kawaida. Hizo ni kaimati tano! Na bado hujagusa juisi ya ukwaju, tambi za sukari, wala ile chai ya vijiko vitatu.

Kwa hiyo, mama mpishi, shira ipikwe kwa nusu kikombe cha sukari, na iliki ifanye kazi yake. Kaimati zigeuzwe humo mara moja na kutolewa, zisilazwe. Mezani zije mwisho, watu wakishakula maharage na samaki wao, tatu tatu kwa kila mtu. Na chai ya kuteremshia, tafadhali, isitiwe sukari.