Ukuta wa Bahari Utajengwa Kwenye Ardhi ya Nani?

Haya ndiyo niliyosema kwenye kikao chetu cha midahalo wiki iliyopita. Nayaweka hapa kwa wale waliokosa. Kama kawaida ya uzi huu, hakuna jina la chama wala la mheshimiwa yeyote.



Msimu wa kampeni ukifika huku Pwani, kuna ahadi moja ambayo haikosi: ukuta. "Tutawajengea ukuta wa kuzuia bahari!" Watu wanapiga makofi, gari linaondoka. Kesho yake mpinzani anakuja kusema ukuta ni mradi wa kula pesa, yeye atapanda mikoko. Wa tatu anasema tabianchi imeharibiwa na nchi tajiri, kwa hivyo wao ndio walipe. Huyo wa tatu ana hoja, na ndiyo maana mwaka 2022 nchi zilikubaliana kuanzisha hazina ya hasara na uharibifu. Lakini wasikilizeni vizuri wote watatu. Wanabishania pesa na simiti. Ardhi hakuna anayeigusa, na mimi naona hapo ndipo shida yenyewe ilipo.

Kwanza maji yenyewe, haraka haraka. Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi linasema kati ya 1901 na 2018 bahari ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 duniani. Kasi nayo imeongezeka: kati ya 2006 na 2018 ilikuwa kama milimita 3.7 kwa mwaka. Mtu atauliza, milimita tatu na kitu ni nini bana, si unene wa sarafu mbili? Sawa, lakini bahari haiji mlangoni kwa wastani. Inakuja siku ya bamvua, upepo wa kusi ukiisukuma, na siku hiyo sentimita 20 ndiyo tofauti ya maji kuishia barazani na maji kuingia jikoni.

Sasa twendeni Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Nyumba zimeliwa na mawimbi, watu wakasogea nyuma, na bahari ikawafuata. Tunasema ni tabianchi, na ni kweli, lakini si peke yake. Mto ule ulikuwa ukishusha udongo mwingi kutoka bara, na udongo huo ndio uliojenga delta. Halafu tukajenga mabwawa huko juu. Masinga lilikamilika 1981, Kiambere likafuata 1988. Bwawa hushika maji na hushika udongo pia. Delta ni kama nyumba ya udongo: usipoikandika, inabomoka hata kabla mtu hajaigusa. Kwa hivyo stima ninayochajia simu hii ina deni lake kule Kipini. Hilo sijawahi kulisikia jukwaani hata siku moja.

Juu kidogo ya hapo, upande wa Ozi, wakulima wana ujuzi ambao mimi niliposoma habari zake nilishangaa. Bahari ikijaa inausukuma mto urudi nyuma, maji matamu yanapanda na kuingia kwenye mashamba ya mpunga bila pampu, bila mafuta. Yaani bahari ndiyo mashine. Lakini mto ukipungua nguvu, kinachopanda ni maji ya chumvi. Mpunga unakauka, migomba na miembe inakufa imesimama. Mwambie mkulima huyo habari za ukuta ufuoni, atakuuliza unataka kuufunga mdomo wa mto ama nini?

Sisemi ukuta ni mbaya. Fort Jesus iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, mawimbi yalikuwa yakila mwamba ilikosimama, na ukuta ukajengwa. Ngome haiwezi kuhama, kwa hivyo hapo ukuta una maana. Lakini ukuta hauui nguvu ya wimbi. Wimbi linagonga, linarudi na mchanga wa mbele yake, na pale ukuta unapokatikia, jirani ndiye anayepigwa zaidi. Kila ukuta una mwisho, na kwenye ule mwisho kuna mtu anaishi.

Mikoko nayo si dawa ya bure. Pale Gazi, Kwale, jamii inatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni, na pesa zimeleta maji na kusaidia shule. Safi sana. Ila mikoko pia inahama: bahari ikipanda, miche mipya inaota nyuma zaidi kuelekea nchi kavu. Huko nyuma kukiwa na ua wa hoteli ama ploti za watu, mikoko inabanwa katikati na kuzama. Mnaona tumerudi palepale? Nani ana ardhi ya nyuma?

Hapa lazima tuende 1908. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ule ukanda wa maili kumi wa Pwani: mwenye dai la ardhi alilete. Ambayo haikudaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wengi waliokuwa wakimiliki kwa pamoja, kwa mila, wakajikuta hawana karatasi, na wajukuu wao leo wanaitwa maskwota. Sasa bahari imekula nyumba ya skwota. Amepoteza nini kisheria? Hana taito ya kuonyesha. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema serikali ikichukua ardhi, anayeishi hapo kwa nia njema bila hati *anaweza* kuwekewa utaratibu wa fidia. Anaweza, si lazima. Na hiyo ni kama mchukuaji ni serikali. Bahari haitoi notisi.

Na mwenye taito asicheke. Kifungu cha 62 kinasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Alama ya maji kujaa ikisogea hadi sebuleni kwako, basi ukisoma maneno hayo kama yalivyo, sebule yako imekuwa ya umma.

Linganisheni na Fiji. Kijiji cha Vunidogoloa kilihama 2014, kama kilomita mbili tu kutoka ufuoni. Iliwezekana kwa sababu walikohamia palikuwa pao wenyewe, ardhi ya jamii. Haikuwa rahisi, makaburi ya wazee yalibaki nyuma, lakini hakuna aliyewaita wavamizi. Sisi tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii tangu 2016, ila kusajili kunakwenda polepole. Jamii ya ufuoni isiyo na hati nyuma ya kijiji haina mahali pa kuhamia bila kugombana na jirani.

Mwenzetu mmoja aliuliza mwisho: "Kwa hivyo mgombea akija na ukuta, tumfukuze?"

Hapana. Mwombe ramani. Ukuta uanzie wapi, uishie wapi, na nyumba ya kwanza baada ya pale unapoishia ni ya nani. Akisema watu watahamishwa, muulize ni kipande gani na kimesajiliwa kwa jina la nani. Mradi mkubwa kama huo unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kuisoma na kuandika maoni. Wengi hatujui, kwa hivyo hatuandiki. Ikitangazwa ya kwenu, ileteni hapa tuisome pamoja.