Mvua ya Nyeri, Maji ya Galbet: Tahadhari ya Mafuriko Katika Mji wa Garissa



Garissa hupata takribani milimita 300 za mvua kwa mwaka, na bado mwezi Novemba 2023 barabara ya kwenda Nairobi ilikatika pale ng'ambo ya daraja la Mto Tana, upande wa Madogo, abiria wakavushwa kwa mashua. Maji hayo mengi hayakutoka kwenye mawingu yetu. Mto Tana huanzia Nyandarua na Mlima Kenya, hupita mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha huteremka siku kadhaa mpaka kwetu. Mtu wa Bulla Punda, mtaa wa kando ya mto, anaweza kuamka jua linawaka, na maji yako mlangoni.

Mafuriko ya laga, yaani mito mikavu ya msimu, ni jambo jingine. Hayo hutokana na mvua ya hapa hapa, na huja kwa saa, si kwa siku. Na ukame ulikuwa umeiandaa ardhi kwa hayo: misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa tangu mwishoni mwa 2020. Mifugo ikafa, majani yakaisha, udongo ukashikana. Deyr, mvua fupi za mwisho wa mwaka, iliposhuka kwa nguvu 2023, ardhi haikunywa maji. Ndiyo maana waliopoteza mbuzi kwa ukame wakapoteza waliobaki kwa maji.

Kwa nini Deyr ile ikawa kali? El Nino ilikuwepo, lakini mshirika wake alikuwa Bahari ya Hindi yenyewe. Kuna miaka maji ya upande wetu wa bahari hupata joto kuliko ya upande wa Indonesia. Wataalamu huita hali hiyo Dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Unyevu husukumwa huku, wenzetu wa mashariki wakabaki na ukavu. Mwaka 2019 Dipoli ilikuwa kali mno: Afrika Mashariki ikafurika, Australia ikaungua. Mwaka huo haukuwa na El Nino ya kutajwa. Nalisema hili kwa sababu nchini mwetu kila mvua kubwa huitwa El Nino. Gu, yaani mvua ndefu, ya 2024, iliyozamisha mashua Mororo, ng'ambo ya mto, mwezi Aprili, ilikuja El Nino ikiwa inafifia na Dipoli imekwisha kutulia. Anayesubiri jina hilo litangazwe ndipo ahame atachelewa.

Juu ya hayo yote kuna joto la dunia. Kila nyuzi moja ya ziada huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na mvuke huo hushuka kwa mkupuo. Pakistan iliona hivyo 2022, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kule Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yalipasuka usiku. Yetu hayakupasuka, yalijaa, na bwawa lililojaa hupitisha kila linachopokea. Wapo wanaodai mabwawa ndiyo huleta mafuriko. Sikubaliani nao kabisa: katika miaka ya kawaida mabwawa hupunguza mafuriko. Shida ni kwamba utulivu huo umewapa watu moyo wa kujenga na kulima karibu zaidi na mto.

Sasa tazameni tahadhari yenyewe. Tangazo husema Masinga imepita mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, wakazi wa bonde la chini wahamie maeneo ya juu. Tangazo ni sahihi. Lakini mama mwenye kibanda mtaa wa Ziwani afanye nini na mita 1,056.5? Anachohitaji kujua ni kama maji yatafika Ziwani, au yataishia mashambani, na ni Jumanne au Ijumaa. Mwenye shamba la ndizi anataka kujua kama aing'oe pampu leo. Mfugaji naye anataka tahadhari ya pili, ya wiki za baadaye, kwamba madimbwi yatazaa mbu na homa ya Bonde la Ufa. Ilitupiga 1997 na tena mwishoni mwa 2006, mara zote baada ya mafuriko.

Napendekeza nguzo za daraja zipakwe rangi: alama moja ikimaanisha Bulla Punda, nyingine Bakuyu, nyingine Ziwani, kwa kufuata alama ambazo maji ya 2023 na 2024 yaliacha kwenye kuta. Kaunti na wasimamizi wa mabwawa wakubaliane tangazo litolewe kwa majina ya bulla, yaani mitaa, kwa sauti, kwa Kisomali na Kiswahili, redioni, simuni na misikitini. Kuta nyingi bado zina mstari wa tope. Zipimwe kabla hazijapakwa chokaa.