Kuku wa Mgeni Asiyekula Nyama

 

Katika boma nyingi za Gusii, mgeni akionekana langoni, kuku hukamatwa. Mwenye boma haulizi kwanza, kwa kuwa kumuuliza mgeni kama atakula huonekana kama uchoyo. Hapo ndipo shida humwanzia mgeni asiyekula nyama.

Watu hao wapo, na si jambo la jana. Waadventista Wasabato walianzisha misheni yao Gendia mwaka wa 1906, kisha wakafika Nyanchwa, na mafundisho yao kuhusu afya yameenea. Kanisa halimlazimishi mtu kuacha nyama, ila wako waumini walioiacha. Wengine wameiacha kwa ushauri wa daktari, wengine kwa hiari yao.

Chukueni mfano wa kijana anayemtembelea nyanya yake kule Ekerenyo. Nyanya ana kuku watatu. Amemchinja mmoja, amepika, ameandaa. Kijana akisema wakati huo kwamba hali nyama, nyanya amempoteza kuku na ameaibika mbele ya majirani. Akila shingo upande, safari ijayo atachinjiwa mwingine.

Kosa la kijana huyu si kukataa nyama. Ni kuchelewa kusema. Simu moja siku mbili kabla ingetosha: "Nyanya, nakuja Jumapili. Siku hizi sili nyama, lakini nina hamu ya mboga yako ya chinsaga." Anayeomba chakula kingine humwachia mpishi nafasi ya kumkirimu.

Asiyetumia maziwa aseme hilo pia, maana chinsaga na rinagu mara nyingi hutiwa maziwa ili kupunguza uchungu.

Na akipewa kuku hai wa kwenda naye? Ampokee kwa mikono miwili na ashukuru. Nyumbani anaweza kumfuga au kumpa jirani mwenye watoto. Aliyempa akiuliza baadaye, aambiwe ukweli.

Mwenye boma naye ana wajibu. Asimlazimishe mgeni, wala asimtilie mchuzi wa nyama kwenye mboga kwa siri. Obokima bwa wimbi, maharagwe, ndizi na avokado ni karamu kamili.

Tahadhari moja ya afya: anayeacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa pamoja anaweza kupungukiwa na vitamini B12, ambayo mimea haitoi ya kutosha. Upungufu huo huleta upungufu wa damu na huathiri neva. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasingoje dalili. Wapate ushauri katika kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji anaweza kuwaelekeza.

Mgeni asema mapema, mwenye boma asikie bila kinyongo. Kuku atabaki hai, na nyanya atabaki na mjukuu anayerudi kumwona.