Aliyekubeba anajulikana? Maswali ya kumuuliza mgombea akija Busia na Malaba

Kama kawaida, uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Haya ni maneno niliyoyasema kwa kikao cha akina mama wafanyabiashara wa mpakani. Mliomba niyaweke hapa, haya basi.

1/ Mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana wa boda mliosimama hapo mlangoni, ingieni mkae. Habari zenu pia zimo, kwa hivyo msitoroke.

2/ Mwanamke akishambuliwa kwa matatu ama kwa pikipiki, mdahalo huwa na majibu mawili. La kwanza: "Alikuwa anatoka wapi saa hiyo?" La pili: "Piga msako, shika boda wote!" Mimi naona yote mawili yanakwepa swali lenyewe: aliyembeba anajulikana? Anajulikana na nani?

3/ Niwape yangu. Mimi nauza mitumba. Basi la usiku kutoka Nairobi hunishusha Malaba kabla hakujapambazuka. Siku moja nimeshuka saa kumi na nusu, kijana ashanyakua begi langu, ameliweka kwa pikipiki. "Panda mathe, nakufikisha." Nikapanda, nikamwambia sokoni. Akakata kona nyuma ya foleni ya malori, njia ya giza. Namwambia simama, anaongeza mwendo. Walioniokoa ni madereva wa matrela waliokuwa wakichemsha chai kando ya barabara. Nilipiga mayowe, nikaruka, wakaja mbio. Yeye akaenda na begi.

4/ Nilipoenda kuripoti nikaulizwa: Jina lake? Sijui. Namba ya pikipiki? Sikuona. Wa steji gani? Sijui. Koti la rangi gani? Hakuwa na koti. Afisa akaweka kalamu chini. "Mama, sasa niandike nini? Na pengine saa hii ashavuka Uganda." Nilikasirika, lakini hata leo sina jibu la kumpa.

5/ Sasa angalieni kontena. Mzigo wa kupita kwenda Kampala hufungwa kifaa cha kielektroniki, na tangu 2017 mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo mmoja wa kuufuatilia. Lori likiacha njia yake, kuna mtu ofisini anayeona. Mimi nilipotolewa kwa njia yangu, hakuna aliyeona isipokuwa watu wa chai. Yaani mpaka wetu unajua kufuatilia mzigo. Haujajifunza kumfuatilia anayembeba mtu.

6/ Mtu atakwambia hakuna sheria. Ipo. Kanuni za matatu zilizoanza kukazwa 2004 zilitaka dereva na makanga wavae sare na beji, na picha ya dereva iwekwe mahali abiria anaiona. Panda matatu ya kutoka Busia kuja Malaba kesho, uniambie kama umeiona hiyo picha. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimwachi makanga anayekushika matiti ama makalio "akikusaidia kupanda." Hilo ni kosa. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 5, ama faini hadi shilingi 50,000, ama vyote viwili. Si mzaha wa steji.

7/ Na msako je? Machi 2022, baada ya mwanamke aliyekuwa akiendesha gari kushambuliwa na wanaboda Nairobi, msako ulitangazwa nchi nzima. Siku chache baadaye ukasimamishwa, tukarudi palepale. Linganisha na abiria aliyevuliwa nguo ndani ya basi Nairobi, 2014. Video ilisambaa, wahusika wakajulikana, na 2017 dereva, kondakta na mhudumu wa kituo cha mafuta wakahukumiwa. Kukamata kila mtu hakukufika popote. Kumjua mhusika kulifika kortini.

8/ Vijana wa boda, hapa ndipo penu. Neno "boda boda" lilizaliwa hapa Busia, kwa watu wa baiskeli waliobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Ni kazi ya heshima, na wengi wenu mnaifanya kwa heshima. Daftari la steji lenye jina, namba ya pikipiki na namba ya koti linawalinda nyinyi kwanza. Mhuni akitenda, hamtashikwa nyote kwa dhambi ya mmoja.

9/ Kazi ya nani? Mgombea wa kaunti atasema usalama ni wa serikali kuu. Polisi, ndiyo. Lakini soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010: usafiri wa umma barabarani na taa za barabarani ziko kwa kaunti. Steji, taa na daftari, hayo ni yake na ya bunge la kaunti. Asiwazungushe.

10/ Kabla hayo hayajafika: kabla hujapanda, piga picha namba ya pikipiki ama ya matatu, mtumie mtu, na uhakikishe aliyekubeba anakuona ukiituma. Ukidhulumiwa kingono, nenda hospitali kabla hujaoga. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Namba 1195 ni ya bure, usiku na mchana. Lakini nisikilizeni: hii ni kinga ya muda. Isigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapa yule ambaye hakupiga picha.

11/ Kwa hivyo akija kuomba kura, muulizeni matatu tu. Moja, daftari la kila steji Busia na Malaba litakuwa tayari lini, na litawekwa na nani? Mbili, taa kutoka mabasi yanaposhusha watu hadi langoni mwa mpaka zimewekewa pesa ngapi kwa bajeti? Tatu, mhalifu akivuka upande wa pili, wewe utasukuma vipi polisi wa pande mbili wapeane habari siku hiyo hiyo?

12/ Akijibu "akina mama wajihadhari," mwambieni hiyo tumefanya tangu tuanze kusafiri. Tulikuwa tunauliza kazi yake yeye.

Kama steji yenu tayari ina daftari, tuambieni mlilianzisha vipi, wengine waige.