Injini Ndogo na Tabo: Kazi Inaanzia Chini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniandikia nizungumze juu ya utumishi wa serikali na maendeleo ya taifa. Naomba radhi. Hotuba ya namna hiyo mmekwisha kuisikia, na baadhi yenu mmekwisha kuitoa. Mimi ni mhandisi wa mitambo, kazi yangu serikalini ni magari, na mwezi uliopita kijana mmoja aliyemaliza hapa alikuja kuniuliza jambo ambalo naona lina faida zaidi.

Kijana huyo ana Toyota ndogo, injini ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita 1,331. Anabeba abiria kati ya Korogwe na Handeni, kilomita 65. Amenunua tabo iliyokwisha kutumika, anataka kuifunga. Fundi wake amemwambia ni kazi ya siku mbili. Gari lilinunuliwa kwa mkopo, na dhamana ya mkopo ni shamba la mama yake. Kwa hiyo tukizungumza habari ya pistoni hapa, mjue tunazungumza pia habari ya shamba.

Tabo ni nini? Injini haipati nguvu kwa petroli peke yake. Petroli haiungui bila hewa, na injini ndogo huvuta hewa kidogo. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya kutumia moshi unaotoka, ambao unakwenda bure na moto wake wote, kuzungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeshikana kwa mhimili mmoja na jingine linalosukuma hewa ndani ya injini. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Malori na mabasi ya dizeli mnayoyaona pale Segera karibu yote yanayo. Injini ya dizeli imejengwa nzito tangu mwanzo, na inaipokea tabo vizuri. Injini ndogo ya petroli ni habari nyingine.

Nilimwambia kijana: usinisikilize mimi, watazame Toyota wenyewe walifanya nini. Injini yako inaitwa 4E-FE. Wao waliitengenezea ndugu yake mwenye tabo, 4E-FTE, wakaiweka katika Starlet. Ukubwa ni ule ule, 1,331. Lakini hawakuchukua injini ya kwanza wakaining'inizia tabo. Walibadili pistoni, mgandamizo ukashuka kutoka 9.6 kwa 1 hadi 8.2 kwa 1. Walitia konrodi zenye nguvu zaidi. Hata puli ya krenki walibadili, ili itulize mtikisiko. Halafu wakaiwekea tabo kiasi: shinikizo dogo 0.4, na kubwa 0.65 tu, ukichukua hewa yetu ya kawaida kuwa 1. Kwa hayo walipata nguvu za farasi 135. Sasa, kama kiwanda kizima kiliona lazima kuifungua injini mpaka chini, fundi wa siku mbili ameona nini wasichokiona wao?

Nieleze sababu, na hapa nawaomba vijana wa kidato cha tatu na cha nne wasikie vizuri, maana ni fizikia yao.

Hewa ikigandamizwa hupata moto. Mmeiona katika pampu ya baiskeli. Chukua hewa ya Korogwe mchana, nyuzi 35, uigandamize kwa 0.65, ikitoka kwenye tabo inaweza kufika karibu nyuzi 100. Hewa hiyo inaingia katika silinda, na pistoni inaigandamiza tena. Mgandamizo ukiwa 9.6, mchanganyiko unaweza kuwaka wenyewe kabla mwali wa plagi haujaufikia. Mtasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Dereva wetu huongeza sauti ya redio. Dakika chache za mlio huo, mzigo ukiwa mzito, zinatosha kutoboa pistoni. Ndiyo maana mgandamizo hushushwa, na ndiyo maana kuna rejeta ya pili ya kupoza hewa peke yake kabla haijaingia.

Mafundi wetu wana dawa yao: kuweka gasketi mbili juu ya silinda ili kushusha mgandamizo. Mimi siipendi. Ni kweli mgandamizo unashuka, lakini pale ambapo shinikizo limezidi ndipo umeweka mahali pawili pa kuvujia badala ya pamoja. Pistoni ya injini hii ina upana wa milimita 74. Pigeni hesabu ya eneo lake mtapata sentimita za mraba 43. Kila mwako katika injini ya kawaida unaisukuma kwa nguvu inayopita uzito wa tani 2, na kwa tabo inazidi tani 3. Nguvu hiyo hiyo inataka kuinua silinda hedi, nayo imeshikwa kwa bolti tu. Bolti za zamani zilizokwisha kuvutika hazifai.

Halafu kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui, nalo ni pengo la ringi. Ringi ya pistoni haikufunga duara. Ncha zake zimeachana kidogo. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kwa pistoni ya milimita 74 pengo la kama milimita 0.3 latosha injini ya kawaida. Ukitia tabo, joto linaongezeka, ncha zinakutana, na ringi ikikosa pa kwenda inakwaruza silinda au inang'oa ukingo wa pistoni. Yataka kama milimita 0.4. Tofauti ni unene wa karatasi, na hupimwa kwa kipimo cha mabamba ambacho bei yake haishindi ya tairi moja la baiskeli. Nimezunguka gereji nyingi za mkoa huu. Nyundo nimezikuta zote.

Petroli nayo lazima iongezwe kulingana na hewa. Nozeli za zamani zikishindwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu chini ya tabo huyeyusha pistoni kimya kimya, bila kelele ya kukuonya.

Msije mkadhani nasema injini ndogo haiwezi. Mashindano ya Safari, ambayo tangu 1953 yalikuwa yakipita hata milima yetu ya Usambara kabla ya kubaki Kenya peke yake, yametupa ushahidi. Gari lenye tabo lilishinda mwaka 1984, Toyota Celica ya Björn Waldegård, likarudia 1985 na 1986. Lakini mimi napenda zaidi mwaka 1993. Celica 4 zilichukua nafasi nne za kwanza. Nyuma yake, ya 5, ya 6 na ya 7, zikaja Daihatsu Charade: silinda 3, ujazo 993, nusu ya ukubwa wa injini ya Celica, nguvu za farasi kama 100. Huko Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa imepungua uzito karibu sehemu moja ya sita, na injini ya kawaida inahema. Tabo humrudishia dereva hewa hiyo. Charade ile, hata hivyo, ilizaliwa na tabo yake kiwandani. Haikufungwa chini ya mwembe.

Nikamwambia kijana hivi. Kama lazima tabo, tafuta 4E-FTE nzima, pamoja na waya zake na kompyuta yake. Tazama breki kabla ya injini, maana abiria wa Handeni hawakulipa nauli ya mashindano. Chujio la hewa likague kila mara, kwani vumbi la njia za vijijini Handeni hulila gurudumu la tabo kama msasa. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, ukifika usizime injini mara moja. Iache inguruma dakika moja, ili oili ipoze mhimili. Na kama fedha haitoshi kwa hayo yote, uza ile tabo, ununue ringi na beringi mpya kwa injini uliyo nayo.

Hakunijibu. Alishukuru, akasema ataonana na fundi. Nasikia tabo bado iko chini ya kitanda.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona mikono imekwisha kunyoshwa kule nyuma. Niko tayari kwa maswali.