Nimelala Lakini Sikupumzika

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana katika darasa la Ramadhan baada ya swala ya Alasiri. Yameandikwa karibu vile yalivyosemwa.)



Sifa zote njema zamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, dada zangu, na wazee wetu mlioketi huko nyuma. Nilipotakiwa nizungumze leo, nafikiri mlitarajia niseme juu ya fadhila za kumi la mwisho. Hilo masheikh wetu walieleza vizuri kuniliko mimi. Nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo lililoingia nyumbani kwetu Likoni, na najua limeingia katika nyumba nyingi hapa, ila hatulisemi. Nalo ni uchovu wa mtu anayetibiwa saratani.

Mamangu alipatikana na saratani ya titi. Akapasuliwa, kisha akaanza kemo, kila baada ya wiki tatu, mara sita, halafu mionzi, ile ambayo wengine huiita kuchomwa. Sisi tulijitayarisha kwa kutapika na kwa nywele kutoka. Dadangu alimnunulia mitandio mipya kabisa. Uchovu hakuna aliyeufikiria.

Nawaambia ukweli, na naona haya kuusema. Mimi nilimuona mamangu mvivu. Mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya adhana ya Alfajiri kukanda unga wa mahamri, sasa yualala mpaka saa nne, aamka, anywa chai nusu kikombe, arudi kulala. Siku moja nikamwambia, "Mama, ukilala sana ndiyo wazidi kuchoka. Inuka kidogo ufanye kazi." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, nimelala lakini sikupumzika." Nilidhani ni maneno ya kujitetea.

Kumbe hayo aliyoyasema ndiyo hasa madaktari wanayoyaeleza. Uchovu wetu sisi wa kawaida, ukilala unaondoka. Huu hauondoki kwa usingizi. Una sababu nyingi zilizorundikana: ugonjwa wenyewe, dawa zinazopiga seli mbaya na nzuri pamoja, damu kupungua, maumivu, kukosa hamu ya chakula, usiku wa kugeuka geuka, na wasiwasi. Kwa kemo, mara nyingi mgonjwa huanguka zile siku za mwanzo baada ya dawa, kisha nguvu zarudi kidogo kidogo, halafu siku ya dawa yafika tena. Mionzi ni kinyume. Mwanzoni mtu yu sawa, na uchovu wazidi wiki hata wiki, na hata matibabu yakiisha waweza kubaki miezi, na kwa wengine miaka. Kwa hivyo wewe unayeuliza, "Si amemaliza dawa, mbona bado?" umeshapata jibu.

Sasa nije kwa Ramadhan, kwa sababu hapa ndipo tulipokaribia kumpoteza.

Mwezi uliingia akiwa ametoka kwenye kemo ya nne. Daktari alimwambia asifunge. Sisi tukajua hafungi, chakula chake twamwekea. Kumbe yuafunga kwa siri, kile chakula awapa watoto wa jirani. Siku ya tatu alianguka mlangoni akitoka kutawadha. Hospitali wakasema maji yamepungua mwilini na damu iko chini. Nilipomuuliza kwa nini, hakuniambia habari za thawabu. Alisema, "Watu waingia na kutoka humu. Waniona na kikombe mchana, watasema nini?"

Jamani, tufikirini hapo. Aliogopa macho yetu kuliko alivyoogopa kufa.

Sheikh wa mtaani kwetu akaja, Allah amlipe. Hakumgombeza. Alimkumbusha kwamba katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mola mwenyewe amemtaja mgonjwa na kumpa ruhusa ale, azilipe siku nyingine. Na yule ambaye kupona kwake hakutarajiwi, hutoa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku. Kisha akamwambia, "Bi mkubwa, hii ni zawadi, na zawadi ya Mola hairudishwi." Mamangu akalia. Kesho yake alikunywa uji saa tatu mchana, mlango wazi.

Na swala pia. Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa mgonjwa, akamuuliza Mtume (S.A.W.) aswali vipi. Akaelekezwa asimame, asipoweza akae, asipoweza alale kwa ubavu. Hadithi hii imo katika Bukhari, na sote tulisomeshwa chuoni tukiwa wadogo. Lakini ni nani kati yetu aliyempelekea mgonjwa wake kiti cha kuswalia? Tarawehe ni sunna, na nyumbani yaswaliwa, na kwa kukaa yaswaliwa.

Nitasema yaliyotusaidia. Muuguzi alimpa mamangu daftari, akamwambia aandike kila siku ni saa ngapi ana nguvu. Baada ya wiki mbili tukaona ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Basi jambo alipendalo likawekwa hapo, mengine tukagawana. Na mimi mwanamume nilijifunza kukuna nazi, msinicheke. Kuoga akawa aoga kwa kiti. Usingizi wa mchana ukawa nusu saa, ili usiku usiharibike. Chakula kidogo kidogo, mara nyingi, mayai, maharagwe, samaki, na maji ya kutosha.

Lililonishangaza ni kutembea. Nilidhani aliyechoka alazwe tu. Utafiti umeonyesha kwamba mazoezi mepesi ni katika mambo yanayopunguza uchovu huu zaidi, maadamu daktari amekubali. Tulianza kwa dakika tano, kutoka mlangoni mpaka kwa muuza madafu. Zikawa kumi, zikawa ishirini. Siku mbaya haendi, na hatumlaumu.

Siku za hospitali zilikuwa na mtihani wake. Sisi watu wa Likoni mwatujua, hospitali kubwa ziko ng'ambo. Kuteremka kwenye feri, kusimama kwenye msongamano, kisha kuukwea ule mlima wa upande wa pili, mtu mzima na afya yake yuahema. Na mionzi ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Hata hivyo twashukuru, kwa sababu kwa miaka mingi hospitali ya serikali yenye mashine hizo Kenya nzima ilikuwa Kenyatta peke yake, na wagonjwa wa Pwani walilala kwenye basi kwenda Nairobi. Kijana mwenye tuktuk au gari, kumpeleka mgonjwa asubuhi moja kwa wiki ni sadaka ambayo haihitaji harambee.

Kumtembelea mgonjwa ni sunna, lakini dada zangu, ziara ya saa mbili na hadithi za fulani aliyekufa kwa maradhi hayo hayo, hiyo si ziara. Dakika kumi, dua, na sufuria ya mchuzi. Na habasoda, asali na mitishamba mnayomletea, mwambieni daktari kwanza, maana baadhi ya dawa za miti hugongana na za hospitali. Mwenye kusomewa ruqya asomewe, wala miadi ya kliniki isiachwe.

Tena tusiuite kila uchovu "ni kawaida yake". Mgonjwa wa kemo akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, akikosa pumzi, akiumwa na kifua, akichanganyikiwa, au akishindwa kabisa kuinuka kitandani siku nzima, ni hospitali usiku huo huo. Na huzuni ikiwa haimtoki, asemwe nayo daktari pia. Yatibika.

Leo mamangu amemaliza mionzi, alhamdulillah. Bado achoka. Jana alikanda unga wa mahamri, akaketi, akanipa mimi nisukume. Yalitoka magumu kama mawe. Aliyala mawili, mchana.